Sita kwa Elfu

Kabla ya ugonjwa kuingia jijini, mwanamke huyu alikuwa mpokea simu wa hoteli kwa miaka kumi na miwili, na sauti yake ilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Kuna wageni walioshuka kutoka vyumbani ili wamwone mwenye sauti, wakamkuta mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja, wakajifanya wamekuja kuuliza saa. Yeye alikuwa akicheka tu. Hoteli ilipofungwa, ofisi ya afya ikatangaza inatafuta watu wa kuwapigia simu wagonjwa, naye akachukuliwa siku ileile aliyofungua mdomo. Majirani wakambandika jina la Dada Simu.

Aliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, pamoja na kaka yake fundi cherehani, wifi yake, na mama yao mzazi. Ghorofa ilikuwa na milango kumi na minane na bomba moja la maji. Ukipiga chafya mlango wa kwanza, wa mlango wa mwisho anakupa pole. Katika jengo kama hilo ugonjwa haukuhitaji kuulizia njia, na watu waliozuiwa kutoka hawakuwa na kazi ila kubishana juu yake. Walibishana ngazini, kila mmoja kakalia kidato chake, barakoa zimeshushwa kidevuni ili maneno yapite vizuri.

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili alishikilia kwamba ugonjwa unaua mmoja kwa mia. Muuza maji alisema mmoja kwa kumi, na alipoulizwa amehesabia wapi, akajibu kwamba macho anayo. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa amri, alisema hauui mtu yeyote. Wanaokufa walikuwa na mambo yao.

"Mambo gani?" mwalimu akauliza.

"Mambo yao, mwalimu. Mimi nitayajuaje?"

Redio nayo ilikuwa na neno lake, na ililirudia kila jioni: sita kwa elfu. Kaka mtu alilipokea neno hilo kama lake. "Sita kwa elfu," aliwaambia, kifua mbele. "Na anayehesabu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Msinipigie kelele mimi, mkambishie yeye." Hapo ubishi ulikatika, maana wengine wote hawakuwa na ndugu ndani ya hesabu.

Na kweli hakuwa anatia chumvi. Dada Simu alikuwa anakaa kwenye ukumbi wa shule, madawati yametenganishwa hatua mbilimbili, simu arobaini. Kila asubuhi alipewa bunda la fomu. Kila fomu ilikuwa ya mtu aliyepimwa akakutwa na kirusi, na siku zake kumi na nne zimetimia. Chini kabisa palikuwa na visanduku viwili: Amepona, Amefariki. Unapiga, unauliza, unatia alama. Saa kumi alasiri mabunda yalipelekwa ghorofani kwa wakubwa, namba ya redio ikapikwa huko, na kilichopanda juu hakikuteremka tena.

Taabu ilikuwa kwa asiyepokea simu, kwa sababu hakuwa na kisanduku chake. Msimamizi wao, mtu mpole aliyekuwa akisinzia amesimama kwa uchovu, aliweka utaratibu siku ya pili ya kazi: piga mara tatu kwa saa tofauti, asipopokea, andika Amepona.

"Aliyezidiwa simu yake inashikwa na jamaa zake, na jamaa watapokea," alisema. "Huyu asiyepokea kapona, kaenda zake. Ana nguvu za kuikataa simu ya serikali."

Ukumbi mzima ulicheka. Dada Simu alicheka pia, tena alicheka sana, na baadaye kicheko hicho kilimsumbua kuliko mengi aliyoyafanya.

Wiki ya tatu alikosea. Aliichukua namba ambayo jana yake alikwisha kuifunga, akaipiga mara ya nne bila kukusudia. Mwanamke akapokea.

"Mwenye simu tumemzika Jumanne," alisema. "Simu ilikuwa kwenye nguo walizomvua hospitali. Tumerudishiwa leo, ndio nimeichaji."

Dada Simu akampa pole. Yule mwanamke akasema, "Asante. Una sauti nzuri, mwenzangu." Akakata.

Dada Simu alikwenda kwa msimamizi kuomba fomu ya jana aibadilishe. Akaambiwa imeshapanda. Mtu amezikwa Jumanne, na Jumatano yeye kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, amemwandika amepona.

Kuanzia hapo akawa ananakili namba za wasiopokea kwenye kikaratasi. Wakati wa mapumziko ya mchana alikwenda nyuma ya ukumbi, penye ukuta wenye kivuli, akawapigia mara ya nne kwa simu yake mwenyewe. Katika watu thelathini, tisa simu zao zilipokewa. Katika hao tisa, watano alipokea mtu mwingine, na kila aliyepokea alianza kwa neno marehemu. Wale ishirini na mmoja waliobaki simu ziliita mpaka zikakatika. Alipeleka kikaratasi kwa msimamizi, naye akakisoma mpaka mwisho, akajifikicha macho.

"Dada yangu," alimwambia taratibu, "unataka nipande juu niwaambie tumekuwa tunafufua watu kwa kalamu?"

"Nataka wajue."

"Na karatasi uliyotia saini inasema nini kuhusu kutoa habari za humu ndani? Rudi kakae. Na hiyo namba yako usiitumie tena, nakuomba."

Akarudi akakaa. Tusimsafishe: aliogopa. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa kazi yake, maana kiwanda cha kushona alichofanyia kazi kaka yake kilikuwa kimefungwa na wifi yake hakuwa na kibarua. Alifumba mdomo, ila masikio hayakukubali kufumbwa. Alisikia mlio wa simu kwenye bomba la maji, kwenye sufuria inayochemka, kwenye pumzi za mama yake akilala mchana. Mara mbili alishtuka kitini akasema "Haloo" na hakuna aliyemwita. Mara ya pili mama yake alimsikia.

"Unamwitikia nani, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Nilisinzia."

"Aliyesinzia hutoa macho hivyo?"

Kisha mwenye kiwanda hicho akatangaza kwamba atafungua. Kiwanda kilikuwa chini ya ardhi, cherehani arobaini na mbili, feni moja, dirisha hakuna. Hakumlazimisha mtu, atakayetaka aje. Mafundi wakagawanyika. Mzee Pindo, ambaye kwa miaka yote alikunja pindo tu na hakuna aliyewahi kumharakisha, alisema hatakwenda kufia chini ya ardhi kabla hajazikwa. Mama Vifungo alisema njaa nayo ina hesabu zake. Wakazunguka wakarudi palepale, mwishoni wakaafikiana: mwenzao ana dada ndani ya hesabu. Amuulize, na atakalosema ndilo watakalofanya.

Jumamosi mchana kaka yake akaingia. Dada Simu alikuwa anakunja nguo kitandani, wifi yake amesimama mlangoni na beseni.

"Mdogo wangu, tuachane na redio," kaka alisema. Alikuwa amekaa kabisa, mikono kwenye magoti, kama mtu aliyetumwa. "Wenzangu wamenituma kwako. Wewe ndiye unayewapigia. Ni kweli sita kwa elfu?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaikumbuka saini yake. Akamfikiria kaka yake ngazini, mdomo usio na kufuli, jengo zima likijua kabla ya jua kuzama. Akafikiri pia, na hili alilionea aibu zaidi, kwamba kaka akirudi kazini, yeye hatabaki peke yake kuibeba nyumba.

"Ndiyo namba inayotoka kwetu," akasema.

"Basi," kaka yake akasema, akajipiga makofi magotini. "Umemaliza ubishi."

Katika maneno yale hapakuwa na uongo hata chembe, na alilijua hilo wakati anayasema. Akamwambia kaka yake asivue barakoa na akae karibu na mlango. "Nitakaa mlangoni kama mlinzi," kaka alijibu, akatoka anapiga mluzi.

Mafundi thelathini na mmoja walirudi Jumatatu, Mzee Pindo akiwemo. Wiki ya tatu kaka yake alirudi nyumbani anakohoa. Walimfungia chumba cha ndani, mama na wifi wakajibana chumba cha nje, na Dada Simu akaomba ruhusa kazini amuuguze. Siku kumi na moja alimpelekea maji na uji, akamgeuza ubavu, akasikiliza kifua chake kwa sikio. Alijiapiza kwamba akipona atamwambia kila kitu. Akapona, na siku mbili zikapita bila kumwambia.

Jumapili asubuhi kaka aliamka, akanawa uso mwenyewe, akaomba simu yake. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi ilimteleza.

"Ngoja niwape habari wenzangu kwamba nimefufuka."

Akampigia Mzee Pindo. Simu ikaita mpaka mwisho. Akampigia Mama Vifungo, ikaita. Fundi wa kola hakupatikana kabisa. Akarudi kwa Mzee Pindo mara ya pili, na baada ya kunywa maji, mara ya tatu. Dada Simu alikuwa amesimama na kikombe, anahesabu bila kutaka.

"Hawapokei," kaka alisema, akacheka kicheko cha mgonjwa. "Wamepata kazi pengine wamenisahau. Hivi nyinyi huko kwenu mtu asipopokea, mnajuaje yuko vipi?"

Akaweka kikombe chini. "Tunapiga mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu tunaandika amepona."

Kaka yake alimtazama. Alikuwa mtu wa vipimo, hakuwa mwepesi wa kukata kabla hajapima. "Wote?"

"Wote, kaka."

"Kwa hiyo kwenye ile sita…"

"Hawamo. Hawakuwamo tangu mwanzo."

"Na siku ile nilipokuja kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Kaka hakupandisha sauti. Afadhali angempiga kofi. Alibonyeza namba ya Mzee Pindo tena, mara ya nne, akafungua kipaza sauti, akailaza simu kitandani baina yao. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikapokewa, na aliyepokea alikuwa msichana.

"Haloo? Kama mnamtafuta baba, tumemzika Alhamisi." Akasubiri. "Nani mwenzangu?"

Kaka alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Ilibidi Dada Simu ainame na kusogeza mdomo kwenye simu.

"Pole, mwanangu. Mimi ni dada yake fundi mwenzake."

Msichana akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuhakikisha, "Yule wa ofisi ya afya? Uliyesema warudi?"

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."