Bachela wa Mbulu mjini, matofali mabichi na mwiko wa Mama Neema

Wakuu, salamu kwenu. Walionizidi umri, shikamoo.

Nimeona humu mnajadili mji gani unamfaa bachela. Wengi mnataja bei ya chumba na sehemu za starehe. Mimi nina kigezo kingine, nilikipata kwa aibu. Naeleza kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Mimi ni fundi redio, ufundi niliojifunza mwenyewe kwa vitabu chakavu. Kwetu ni Tumati, naishi Mbulu mjini. Sijaoa mpaka leo.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, wenzangu walikimbilia Babati kutafuta viwanja. Maduka ya watu binafsi yalishajaa mabati na saruji, kila mtu anajenga. Mimi nikabaki Mbulu, nikapata kiwanja, nikafyatua matofali peke yangu kiangazi chote.

Ikabaki kuyapanga tanuri na kuyachoma. Mwaka ule mawingu yakawahi. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope, na kiangazi kingine cha kufyatua upya nisingekiweza.

Nikaita majirani kwa kazi ya pamoja, kama desturi yetu. Kila kitu niliandika kwenye daftari: kuni, majembe, mabati ya kufunikia, nani abebe, nani apange.

Asubuhi wakaja watu kama ishirini. Wakasalimia, wakakaa chini. Hakuna aliyegusa tofali.

Mzee Sulle, jirani yangu wa upande wa juu, akaniuliza kwa upole, "Kijana, uji uko wapi?"

Wakuu, kwetu mwenye kazi huwapa watu uji kwanza, na mchana chakula. Hata mtoto anajua. Nami nilijua. Ila nyumbani hayo aliyafanya mama, kimya kimya, kwa hiyo kwenye daftari langu hayakuwemo.

"Kumbe nyumba hii inajengwa na daftari!" akasema Mama Neema, jirani yangu mjane. Watu wakaangua kicheko.

Nikamwomba anipikie. Akaenda kwake, akarudi na sufuria kubwa, unga na mwiko, vyote akanikabidhi mimi.

"Mimi nimekuja kubeba matofali. Mama wa nyumba hii leo ni wewe, baba."

Nikawasha moto mbele ya wazee. Uji ulitoka na mabonge. Mzee Sulle akanywa, akatafuna kidogo, akasema, "Huu hata mchana utakuwa bado umo tumboni." Akainuka, wengine wakamfuata.

Mchana niliwapa ugali na maharage. Huo haukuwa na mabonge.

Jioni tanuri lilikuwa limesimama, limefunikwa. Mvua ikawakuta watu njiani wakirudi makwao. Halikupotea tofali hata moja; niliyachoma, nikajenga, na ndani ya nyumba hiyo ndimo ninamoandikia haya.

Baadaye Mzee Sulle alikuwa na kazi ya kuvuna. Akanitumia ujumbe, "Njoo, na mwiko uje nao."

Tangu hapo, mtaani kwetu kukiwa na kazi ya pamoja, mpishi ni mimi. Hakuna anayeniuliza mke wangu yuko wapi. Wanauliza uji umeiva?

Nilichojifunza: chumba unaweza kupata mji wowote. Mji unaomfaa mtu asiye na mwenzi ni ule unaomwita kwenye kazi na kumpa kitu cha kushika.

Haya, nanyi mnaoishi peke yenu huko mliko, majirani wamewapa nini mshike? Andikeni hapa chini, nasoma zote.