Mgeni wa Bweni la Newtown

Wewe cheka tu. Mimi ni msusi huku kusini kwenye migodi ya dhahabu, mtaa wa Malvern, kutwa nasikia uongo wa wateja, na harufu yake naijua. Hili nililiona kwa macho yangu, mchana kweupe, mwaka 2017.

Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka kwetu Kalemie. Kabla hajarudi nikamzungusha mjini aone vitu, tukamalizia Newtown, kwenye makumbusho ambayo zamani yalikuwa bweni la vibarua. Vitanda vya saruji vimepangwa humo kama rafu za duka. Mimi nikabaki mlangoni napiga picha, Mama akaingia.

Juu ya kitanda kimoja alikaa mzee, ovaroli imejaa vumbi, anakohoa. Akamsalimu Mama kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Hebu niambie, ukisikia lugha ya kwenu ugenini utapita kimya? Mama alifurahi mpaka akamshika mkono. Mzee akasema alikuja kuchimba dhahabu, na hakupata mtu wa kumrudisha. Mama, kama tunavyosema sote tukiagana, akamwambia, "Basi karibu nyumbani, baba."

"Asante, mama. Nimekaribia," akajibu, akasimama.

Nikashusha simu nimsalimu. Kitanda kitupu. Mlango ulikuwa huo mmoja, nami nilikuwa nimeuziba kwa mwili wangu huu unaouona.

Mlinzi, Mzulu mtu mzima, aliposikia alishika kichwa. "Eish, sisi tukija kuwachukua watu wetu waliofia huku tunabeba tawi la mti, tunaongea nao njia nzima mpaka kaburini kwao wapumzike. Mama yako amemwita bila tawi. Atapumzika wapi?"

Mama akasema ni upuuzi. Lakini kwenye teksi, basi dogo la abiria, alijisogeza dirishani akaacha nafasi, na ingawa watu walibanana, nafasi ile hakuna aliyeikalia.

Sasa Mama yuko Kalemie, anakohoa. Nikimpigia nasikia vikohozi viwili. Daktari alitazama picha ya kifua chake, akamuuliza alifanya kazi mgodi gani. Mama yangu, muuza dagaa maisha yake yote. Siku hiyo nililia saluni mbele ya wateja, sikuona aibu. Nimemsihi amfukuze mtu huyo. Anasema, "Nilimkaribisha mwenyewe, nitamfukuza vipi?" Na kila jioni anampakulia.

Kwa hiyo wewe, ukitembelea majumba yale, salamu itikia. Karibu yako baki nayo mdomoni mpaka ujue unayemkaribisha analala wapi. Mimi siku hizi naagana na watu kwa kwaheri tupu, wananiita mchoyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mama yangu haponi.