Picha Iliyokuwa Juu ya Sinki la Baba

Picha niliyoitafuta miaka yote, nimeipata. Shida ni kwamba hakuna aliyeichora.

Naitwa Aila. Ni mzaliwa wa huku kaskazini mwa Michigan, ambako ziwa likiganda unapita juu yake na gari.

Tangu utotoni nilikuwa na picha kichwani. Fremu ya njano. Barafu tupu. Katikati shimo jeusi, na mwanaume amepiga magoti, amemshika mwanamke nywele.

Anamvuta au anamzamisha? Sikujua. Nilitaka tu jina la mchoraji.

Nikaweka tangazo kwenye kundi la wapenda michoro. Majibu yakamiminika, hakuna lililofanana. Mmoja akanitania, "Dada, punguza kula pizza usiku."

Nikacheka.

Asubuhi yake mama mdogo Tyyne akapiga simu.

"Aila, hiyo picha ya kwenye tangazo lako uliiona wapi?"

"Jikoni kwa baba, juu ya sinki."

Nikasikia akivuta kiti.

"Mama mdogo?"

"Mwanangu, pale hapakuwa na picha. Palikuwa na dirisha la kutazama ziwa. Baba yako alilipigilia mbao mama yako alipoondoka."

Mama, tuliambiwa, alitoroka na mwanaume wa Detroit. Hakumuaga hata mdogo wake, Tyyne.

Kabla sijajibu, nikasikia gari nje. La baba.

"Usikate simu," mama mdogo akanong'ona.

Nikailaza mezani, kioo chini.

Baba akaingia bila kubisha. Hakuvua kofia. Akajimiminia kahawa yangu, akaketi.

"Nimeona tangazo lako."

"Aah, mambo ya mtandaoni tu hayo, baba."

"Unakumbuka nini?"

"Hamna. Picha tu."

Jasho lilinitiririka mgongoni, na nje theluji inaanguka. Akanitazama weee, kisha akatabasamu.

"Ulikuwa na homa siku ile. Mtoto mwenye homa huona vitu. Futa hilo tangazo. Watu watadhani kweli kuna mwanamke kazama na koti la kijani."

Tangazo halikutaja koti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Alipolitaja tu, nikaliona: kijani, limetuna maji, na mkono wa mama ukiparura barafu.

Hakuwa akimvuta.

"Sawa, baba," nikasema. "Nafuta sasa hivi."

Akamaliza kahawa. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka. Nikaigeuza simu.

Mama mdogo alikuwa amesikia yote, akawaita polisi. Polisi walimkamata baba kabla hajafika kwake. Barafu ilipoyeyuka, wapiga mbizi wakayatoa mabaki ya mama ziwani.

Hakuwahi kufika Detroit. Alikuwa pale pale, mbele ya lile dirisha, na mimi nikikua nimemnunia kwa kunitelekeza.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwambia ameona kitu, usimwambie ameota. Kaa chini, muulize ameona nini.

Mimi nilimuuliza mtu mmoja tu nilipokuwa mdogo: "Yule kwenye picha ni nani?"

Nilimuuliza baba.