Karibu Niliyoikana

Miaka ile ya vita nilikuwa bawabu wa ghala la mbao huko Changamwe, na mpaka leo nikisikia mtu anabisha hodi moyo hunishtuka. Kazi yangu ilikuwa kusimama langoni, chini ya kibao kilichoandikwa HAPANA RUHUSA KUINGIA. Kiswahili cha mzungu hicho, lakini sheria yake ilieleweka: atakayeingia bila idhini ya kampuni au ya bawabu, ni polisi na mahakama. Na bawabu atakayemruhusu mtu asiye na shughuli, kibarua kimeota nyasi. Kibarua changu kilikuja na chumba, na ndani ya chumba hicho mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ndani ya ua, nyuma ya magogo, kulikuwa na minazi mitatu ya mama mmoja mjane wa kanisani kwetu. Kiwanja kiliuzwa, minazi haikuuzwa. Sisi watu wa pwani twajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule aliyeupanda. Kampuni haikulijua hilo, wala haikutaka kulijua. Ilizungusha seng'enge, basi.

Asubuhi moja lori lilikuwa limetoka sasa hivi, nami nimeinama nahangaika na komeo la lango, nikasikia nyuma yangu, "Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama," nikajibu.

Nilijibu kama ninavyojibu nyumbani, kama nilivyofunzwa tangu sijajua kuvaa suruali. Nilipoinua kichwa, yule mjane alikuwa keshapita na kikapu chake. Ningeweza kumwita arudi. Mtu mwenye akili angemwita. Lakini umeshamkaribisha mtu, tena wa rika la mama yako, utamfukuzaje? Nikajiambia ataokota nazi zake upesi atoke, kwani bwana meneja alikuwa na desturi ya kuja saa sita.

Hakuokota upesi. Nilimwona anainama, ananyoosha mgongo, anaitikisa nazi sikioni kusikiliza maji, anaitupa, anaokota nyingine. Jasho lilinitiririka. Nasema kweli, nilimchukia kwa ule utulivu wake. Saa nne haijafika, gari la meneja likaingia.

Alimkuta katikati ya ua, akamleta mpaka langoni.

"Nani sema wewe ingia?"

"Nilibisha hodi, bwana," mama akasema, "na huyu mwanangu akanikaribisha."

Meneja akanigeukia. "Wewe nasema karibu?"

Mama alinitazama. Hakuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa anangoja tu niseme, yaishe, aende zake. Mimi nikawaza chumba, nikawaza tumbo la mke wangu.

"La, bwana. Sikumwona."

Mama hakunibishia. Alikitua kikapu chini, akasimama kando kungoja askari.

Alilala kituoni siku mbili, kisha hakimu akamwachilia kwa onyo. Kabla hajarudi, meneja aliamuru ile minazi ikatwe, ili mtu asiwe tena na sababu ya kuingia. Wakataji walipokuja na mashoka yao, mimi ndiye niliyewafungulia lango.

Mwezi uliofuata mke wangu alijifungua. Akina mama wa kanisani wakaja kumwona mtoto, na yule mjane alikuwa nyuma yao. Walibisha hodi, nikaitikia, wakaingia. Yeye alibaki nje ya mlango.

"Karibu, mama," nikasema.

"Hodi," akasema tena, macho yake yakitazama ndani, kana kwamba mlangoni hapana mtu.

Nikamkaribisha tena. Akabisha mara ya tatu. Ndipo mke wangu, ambaye hata kukaa kitako kulikuwa kazi, akajiinua kitandani akaita, "Karibu, mama."

Hapo alivua viatu, akanipita, akaingia. Alimpakata mtoto wangu, akamwombea kwa muda mrefu kuliko wenzake wote.

Walipoondoka, mke wangu akaniuliza kulikoni.

"Yule mama," nikamwambia, "masikio yake yamepungua siku hizi."