Fundo la Tatu

Madaktari wote wa upasuaji huvaa barakoa, kwa hiyo muuguzi anayeitwa Bi Mkasi huwatambua kwa mikono. Kwa miaka ishirini na tisa amesimama ng'ambo ya meza akiwapokeza vifaa. Huyu ana mikono ya mwashi, yule ya mchomoa mifuko. Huyo wa pili ndiye bingwa.

Mwanagenzi mpya, daktari binti, alikuwa na mikono ya gereji. Baba yake fundi magari, naye alionekana kurithi imani kwamba kisichokazwa sana hufunguka. Siku ya Alhamisi, akifunga mshipa, alikata nyuzi tatu kwa kuzikaza, na uzi wa nne ukachana mshipa wenyewe.

"Daktari, hii ni nyama, si nati," alisema bingwa, ambaye wote humwita Bwana Mkubwa. "Jumatatu utafunga mshipa mbele yangu. Ukichanika, utahamia kliniki ya nje ukaandike dawa za kikohozi mpaka ustaafu."

Kesho yake Bi Mkasi alimpeleka stoo ya mashuka. Akaweka mezani kiberiti kitupu, akakizungushia uzi.

"Funga mafundo matatu. Kiberiti kikinyanyuka, mgonjwa kafa."

Kufikia saa sita mchana walikuwa wamekufa arobaini. Binti alikuwa amevaa barakoa, maana kwa Bi Mkasi sheria ni sheria hata stoo, na barakoa ndiyo iliyomsaliti. Kitambaa kilikuwa kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka, halafu kwenye fundo la tatu kikatulia tuli.

"Mwanangu, huwa unazama?"

"Kuzama wapi tena, mama?"

"Hapo mwisho unabana pumzi kama mpiga mbizi. Ukiiachia, mkono unaruka nayo. Baba yako tumemsingizia bure."

Dawa ilikuwa kuongea. Mtu hawezi kuongea huku amebana pumzi, ingawa kwenye mikutano ya idara wapo waliojaribu.

"Niongee nini?"

"Chochote. Mseme wifi yako."

Kumbe yalikuwepo. Wifi alikuja kutembea wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Alikuwa ameshahamisha kabati, saa ya ukutani na mahali pa mume wa binti kulala mchana. Ilipofika Jumapili jioni, wifi hakubakiwa na chembe ya heshima, na kiberiti kilikuwa kimetulia mara mia mfululizo.

Jumatatu mgonjwa alilala, mshipa ukabanwa, Bwana Mkubwa akakunja mikono kifuani. Fundo la kwanza likakaa. La pili likakaa. Bi Mkasi hakuwa akitazama mikono. Alitazama barakoa, nayo ikasimama.

"Wifi hajambo?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

Kitambaa kikatikisika. "Hajambo," alisema binti, vidole vikiteremka taratibu. "Jana kaniambia mapazia yangu yanafaa kufutia vyombo."

Fundo la tatu likatua kama paka juu ya mto.

"Wifi ni nani?" aliuliza Bwana Mkubwa.

"Ni mbinu, bwana," alijibu Bi Mkasi.

Bingwa aliinama, akaligusa fundo kwa ncha ya koleo, akaligusa tena. Mshipa ulikuwa mzima, uzi umekaa, damu hakuna.

"Kata," alisema. Katika msamiati wake mfupi, hiyo ni sifa. Kisha akaongeza neno ambalo wanagenzi wengi husubiri mwaka mzima kulisikia: "Endelea."

Akaendelea. Siku hiyo alifunga mishipa kumi na mmoja, na mambo yote ya wifi yakaanikwa. Kliniki ya nje ilibidi itafute mtu mwingine wa kikohozi.

Jumatano Bi Mkasi alifungua stoo, akamkuta Bwana Mkubwa peke yake mbele ya kiberiti. Alikuwa amekaza uzi, masharubu yametulia tuli. Kiberiti kikanyanyuka.

"Meza hii haijanyooka," alisema bingwa.

Bi Mkasi akakirudisha kiberiti mahali pake.

"Pumua, Bwana Mkubwa. Shemeji zako hawajambo?"