Nywele Tumboni mwa Binti Yangu

Daktari alikuja na bakuli la chuma. "Baba, kaa kwanza ndo uangalie."

Nywele.

Donge zima limelowa, limechukua umbo la tumbo lenyewe. Lilikuwa limetoka kwa binti yangu wa miaka tisa.

Mimi ni fundi vigae. Mke wangu alifariki mwaka jana, nikabaki na huyu mmoja. Miezi michache baada ya mazishi akaanza kukataa chakula. Vijiko viwili tu, "Baba, nimeshiba." Ukimlazimisha, anatapika. Chini ya mbavu pakawa pagumu, ukigusa ni kama kuna kitu kimelala.

Dawa za minyoo, wapi. Dawa za vidonda vya tumbo, wapi.

Dada yangu alimgusa, akanivuta jikoni. "Kaka, mama yake hajamwacha huyu."

Nilimfokea. Ila siku moja mchana nilirudi ghafla, nikamkuta mtoto amekaa kitandani, kaupa mlango mgongo, anatafuna.

"Unakula nini?"

Akageuka taratibu. "Sili kitu, baba."

Nikaanza kumwogopa mwanangu wa kumzaa.

Alipozimia shuleni ndipo nikamkimbiza hospitali. Wakampiga picha, wakampasua.

"Tumbo linasaga chakula, nywele haliziwezi," daktari alisema. "Haziyeyuki wala hazishuki. Zinajisokota humo mpaka chakula kinakosa njia."

Nikamtazama mwanangu. Kichwa kimenyolewa, kama wanafunzi wote wa shule yao.

Za kwenye bakuli zilikuwa ndefu. Zimepakwa rangi nyekundu.

Rangi ile niliijua. Mke wangu alizikata nywele zake mwenyewe alipoanza kuumwa, akazifunga kwenye kitambaa. Mimi nilidhani tulimzika nazo.

Mtoto alipozinduka nikamuuliza kwa upole.

"Zina harufu ya mama," akasema.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Wewe ulisema mama asitajwe nyumbani." Akaweka mkono kwenye bandeji. "Nikamweka huku."

Ni kweli nilisema. Nilidhani najikinga na machozi.

Siku hizi tunamtaja kila tukila. Juzi aliniomba nimsimulie mama yake alivyokuwa akicheka. Nikashindwa, nikalia mbele ya sahani. Akanisimulia yeye, huku anatafuna wali.

Wazazi wenzangu, mtoto akikataa chakula, msikae naye nyumbani mkibahatisha dawa. Mpelekeni hospitali mapema.

Halafu mjiulize ni neno gani mmemkataza kulisema.