Mikono ya Semei

Siku Wafula alipomwona Semei kwa mara ya kwanza, wanaume wawili walikuwa wakimtukana mbele ya karakana ya useremala mtaani Hai Cinema, naye alikuwa akiweka nyundo chini. Hakuitupa. Aliilaza mezani taratibu, akaketi juu ya mikono yake, akawatazama mpaka wakachoka.

"Huyu ni mwanamke mwenye ndevu," mmoja wao akasema, wakaenda zao wakicheka.

Wiki ile ile Wafula, aliyevuka mpaka kutoka Bungoma kutafuta kibarua, akapata kazi hapo. Miezi ikapita kabla hajapata moyo wa kumuuliza mwenzake kwa nini hukalia mikono.

"Baba yangu aliua jirani na jembe, juu ya kesi ya mbuzi," Semei akajibu, randa ikiendelea kukwangua ubao. "Babu alivunja bibi yake mgongo. Sasa mimi iko na mikono ya nani?"

"Ya kwako."

"Wewe hujui hii damu."

Wafula akakumbuka Bungoma. Kwao pia, mvulana aliyerudi nyumbani akilia kwa kupigwa, baba yake alimwongezea fimbo na kumrudisha akapigane. Kama ukali ule ulitoka kwenye damu au kwenye fimbo, hakujua.

Josline, mkewe Semei, aliposhika mimba, Semei alimwomba Mungu msichana. Akazaliwa mvulana. Majirani wa Atlabara, walikopanga chumba, wakaja kumpongeza. "Umepata askari," wakamwambia. Semei akaificha mikono yake kwapani. Tangu hapo hakumgusa mtoto, na Josline hakushangaa sana, maana ni wanaume wangapi hushika vichanga?

Mchana mmoja wa Aprili, joto likichoma mabati, Semei aliingia karakana mbio, bila shati, mtoto kamshika mbali na kifua kama sufuria ya moto. Josline alikuwa amemwachia, akaenda sokoni.

"Shika yeye," akasema. "Shika, nakuomba."

Wafula akampokea. Akamfunua, akamkagua kichwa, mgongo, miguu. Hapakuwa na alama. Mtoto alikuwa akilia kwa njaa tu.

"Umemfanya nini?"

"Bado."

Wafula akamfunika mtoto tena.

"Alikuwa nalia, nalia," Semei akasema. "Mikono ikashika moto. Nikaona nimeinua yeye juu, hapa, juu ya kichwa."

"Lakini umemleta kwangu, ndugu yangu. Baba yako hakukimbia. Wewe umekimbia."

"Na kesho nikichelewa?"

Bila kukusudia, Wafula alimbana mtoto kifuani na kurudi nyuma hatua moja. Semei aliiona hatua ile. Akaitazama miguu ya Wafula kwa muda, kisha akachukua shati lake la kazi kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Semei, ngoja kwanza mama yake arudi."

Semei akasimama mlangoni bila kugeuka.

"Usiambie Josline mimi naogopa," akasema. "Ambia yeye nimeenda Nimule, nimepata bibi ingine."